Koroga Mpaka Uachie Sufuria

Toongabbie, Sydney
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Elvire,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na baridi ya huku inaelekea kuisha. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mimi nikilala wewe unaamka, na zile sauti tunazotumiana kwenye simu mwisho wake ni kugombana. Kwenye maandishi angalau unaningoja nimalize.

Habari kubwa ni ya Prince. Mwanangu anaoa. Msichana anaitwa Larissa, ni Mbrazili, wanafanya kazi ghala moja pale Seven Hills, yeye ofisini na Prince kwenye forklifti. Ni msichana mwenye adabu. Ananisalimia kwa Kiswahili alichofundishwa na Prince, na Kiswahili cha Prince unakijua mwenyewe. Mama yake anaitwa Dona Sônia, mjane, anakaa mji wa Campinas, si mbali na hapo ulipo. Atakuja Oktoba tumjue naye atujue. Utambulisho tutaufanya hapa hapa nyumbani kwangu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tuliongea naye kwa video. Nikamtajia chakula nitakachopika: sombe ya majani ya muhogo, samaki, ndizi, wali. Akatabasamu, akasema neno kwa Kireno, Larissa akacheka na hakutafsiri. Nilipombana akasema mama ameuliza kama patakuwa na brigadeiro, maana kwao sherehe isiyo na hizo peremende za chokoleti ni kama msiba. Nikasema zitakuwepo. Nikasema nitazipika mwenyewe. Usiniulize kwa nini nilisema. Yule mama alinitazama kama anayengoja kuona nitashindwia wapi.

Wewe una miaka sita São Paulo na kazi yako ni hizo hizo peremende. Niandikie zinavyopikwa.

La pili, ambalo ndilo la kwanza: watu wa uhamiaji wamejibu. Maombi yako ya viza yamefika kwenye vipimo vya afya. Baada ya kungoja kote huku, Elvire, ni vipimo tu vimebaki. Nenda hospitali waliyoitaja, wakupime kifua na damu, basi. Chumba chako kipo. Binti yangu Déborah anakililia kila siku nami nimemnyima.

Hapo ulipo ni kituo tu. Uliingia Brazili kwa sababu ndio ubalozi pekee uliokufungulia mlango kule Luanda, na mimi nikaletwa huku kutoka kambini Uganda. Marehemu mama alisema tusiachane. Sasa tunamaliza.

Nenda kwenye vipimo.

Dada yako,
Nsimire


São Paulo
6 Agosti 2025

Dada Nsimire,

Hongera sana kwa Prince. Mtoto niliyembeba mgongoni Bukavu leo anaoa, na mimi najiona bado kijana.

Brigadeiro ni kitu rahisi, na ndiyo maana watu wanaziharibu. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari. Vijiko vitatu vya kakao, ile chungu. Kijiko kimoja cha siagi. Vyote ndani ya sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, koroga kwa mwiko bila kuacha. Usiongeze sukari. Usiongeze maji. Usiongeze unga, nakujua. Koroga mpaka uachie sufuria, yaani ukiinamisha, mchanganyiko wote unateleza kama kitu kimoja na chini unaona chuma. Mimina kwenye sahani uliyoipaka siagi, uache upoe kabisa. Jipake siagi mikononi, viringisha vidonge vidogo, vigaragaze kwenye punje za chokoleti.

Sisi hapa hatuna subira, nusu tunaila kwa kijiko ikiwa bado ya moto. Evandro ndiye aliyenifundisha kukoroga, wakati hata kuomba maji kwa Kireno sijui. Ningependa siku moja umfahamu, dada. Ni mtu mzuri.

Kuhusu vipimo, nimesoma.

Wako,
Elvire


Toongabbie
17 Agosti 2025

Elvire,

Nimepata supu. Ulisema peremende, nimekoroga mpaka bega likauma, na nilichopata ni supu ya rangi ya matope. Nimeiacha kwenye friji usiku mzima ikabaki supu.

Nilifuata maneno yako yote. Maziwa ya kopo nilinunua, kopo lina picha ya ng'ombe. Kakao chungu sikununua, kwa sababu nani anaweka kitu kichungu kwenye peremende, nikatia chokoleti ya kunywa ya Déborah. Halafu nikaongeza maji kidogo, maana ilikuwa inashika chini.

Goreth alikuwepo. Ni yule Mrundi anayekaa Guildford, tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Alichovya mkate, akasema ni uji mzuri. Nikamwambia si uji. Akasema basi ungekuwa uji ungekuwa mzuri. Déborah naye akanijibu kwa Kiingereza kwamba ziko za kununua mtandaoni, na akaondoka na mlango akauacha wazi.

Nafikiri umeacha kitu makusudi. Wapishi mna tabia hiyo.

Huyo Evandro bosi wako mwambie akupe ruhusa siku moja uende hospitali. Kama ni mtu mzuri unavyosema, atakubali. Mabosi wa huku ukiwaandikia mapema wanakubali.

Umeshakwenda?

Nsimire


São Paulo
20 Agosti 2025

Dada Nsimire,

Nimesoma barua yako mbele ya wateja nikaona aibu kwa niaba yako. Nilikuandikia maziwa mazito yenye sukari. Wewe ukanunua yale mepesi ya kutia kwenye chai. Ng'ombe yuko kwenye makopo yote, dada, ng'ombe hatofautishi kitu. Soma maandishi. Nilikuandikia kakao chungu kwa sababu maziwa yenyewe ni sukari tupu, ukitia na chokoleti ya kunywa unakula miwa. Na maji nilikukataza kwa jina.

Sikuacha kitu. Wewe ndiye huachi kitu kama kilivyo.

Rudia. Moto mdogo. Usiondoke kwenye jiko.

Evandro si bosi. Ni mtu wangu. Duka tunaliendesha pamoja, huu ni mwaka wa nne, liko kwenye kona ambapo watu wanashuka kwenye metro. Ukutani tumeandika jina langu, si lake, yeye ndiye alitaka hivyo. Nakuandikia kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine umeng'ang'aniwa na mtoto anayetaka kulamba mwiko.

Elvire


Toongabbie
2 Septemba 2025

Elvire,

Safari hii nimepata jiwe.

Maziwa yalikuwa yenyewe, nilimsomesha Goreth kopo kwa sauti. Kakao ilikuwa yenyewe. Yote yalikwenda vizuri mpaka walipopiga simu kutoka kazini kuniuliza kama naweza kuingia zamu ya mtu aliyeumwa. Nilisema maneno mawili matatu tu. Kurudi, chini kumeshika, juu kunatoa povu, na kengele ya moshi inalia nyumba nzima. Nimesimama juu ya kiti nikiipepea kwa taulo, na jirani wa upande wa pili amekuja mlangoni kuuliza kama aite zimamoto. Nikamwambia napika pipi. Akaitazama sufuria, akasema pole. Nilichomimina kwenye sahani hakikutoka. Sahani imetupwa nacho.

Uliandika "moto mdogo". Mdogo kiasi gani? Jiko langu lina namba, halina "mdogo".

Nimefurahi kujua Evandro ni mtu wetu. Mkongomani mwenye jina la namna hiyo labda alikulia Angola. Vizuri kuwa na ndugu wa kwetu ugenini, lakini duka atalibeba mwenyewe, wewe unaondoka. Na kulea watoto wa watu juu ya kazi ya duka, Elvire, utachoka. Huku ukilea watoto wanakuandikisha rasmi na unasomeshwa.

Sasa kwa kuwa huendi kwenye vipimo, nimekupangia miadi mimi mwenyewe, kutoka huku, kwa Kiingereza, na yule bibi wa hospitali kwa Kireno chake, tukaelewana kwa shida. Ni Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa tatu asubuhi. Nenda na pasipoti.

Halafu Larissa amesema punje za chokoleti za huku hazifanani na za kwao. Mama yake atapitia dukani kwako kabla ya safari azichukue. Nimeshamwambia.

Dada yako,
Nsimire


São Paulo
5 Septemba 2025

Dada Nsimire,

Moto mdogo maana yake ukisogeza uso juu ya sufuria hupigwi na mvuke. Anza na namba mbili. Ukiona unaendelea kuwa laini na unang'aa, bado. Ukianza kuwa mzito na mwiko unaacha barabara nyuma yake, karibu. Usipokee simu. Wenye kazi watangoja, maziwa hayangoji.

Dona Sônia usimsumbue. Punje nitazituma kwa posta. Mama wa watu ana safari yake ndefu, kuzunguka mpaka São Paulo kwa ajili ya mfuko mmoja si haki.

Kuna jambo naomba ulisome polepole. Kila unaponiandikia unasema hapa ni kituo. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa hivyo kweli, sikufungua hata sanduku. Lakini sasa si kituo tena, dada. Nina watu hapa. Nikitoka asubuhi, mtaa mzima unanijua. Naomba ulifikirie hilo kabla ya kunipangia miadi nyingine.

Wako,
Elvire


Toongabbie
21 Septemba 2025

Elvire,

Nimefanikiwa, na siwezi hata kufurahi.

Peremende zimetoka. Namba mbili, simu nimeifungia chumbani, nimekoroga mpaka mchanganyiko ukateleza kama ulivyosema. Goreth alikula, akachukua nyingine, na uji hakuutaja. Hata Déborah alichukua mbili akidhani simwoni. Nilitaka kukupigia hapo hapo.

Nikafungua akaunti ya maombi yako. Vipimo havijafanyika. Tarehe 18 imepita. Hukwenda, hukuniambia huendi, na yule bibi wa hospitali nilimwahidi kwamba dada yangu ni mtu wa neno.

Umeandika hapo si kituo. Nimesoma polepole kama ulivyotaka. Nakuelewa, umechoka. Hata mimi kule kambini nilifika mahali nikaanza kupanda maua mbele ya hema. Mtu akingoja sana anajidanganya kwamba amefika. Ndiyo maana mtu anahitaji dada wa kumvuta mkono.

Sijui ni woga wa ndege au wa Kiingereza. Kiingereza utajifunza. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka arobaini, kwa kuwabadilisha wazee nguo.

Na Dona Sônia anakuja kwako Jumamosi. Alisema si mbali na anataka kukuona. Usimkimbie na yeye.

Nsimire


Toongabbie
12 Oktoba 2025

Elvire,

Utambulisho ulikuwa jana. Nitakueleza ulivyokwenda, kwa kuwa wewe ulikuwepo kuliko mimi.

Watu walijaa sebuleni. Mchungaji, Goreth, wamama wa Guildford na mavazi yao. Nimevaa kitenge kipya. Meza imependeza, brigadeiro ziko katikati, kila moja kwenye kikaratasi chake. Dona Sônia akasimama, akafungua mfuko, akatoa punje za chokoleti ulizompa, akanikabidhi mbele ya wote. Akasema, Larissa akitafsiri:

"Dada yako mnafanana mpaka namna ya kukemea watu."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

"Na mume wake ni mpole sana. Alinibebea mzigo mpaka kituo cha basi, huku mtoto amelala begani."

Nikamwuliza Larissa, "Mume wa nani?"

Larissa akatafsiri. Dona Sônia akanijibu taratibu, kama mtu anayedhani tatizo ni lugha.

"Wa Elvire. Evandro. Na Gloriose."

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ah, Evandro, ndiyo. Nilikuwa nimechanganya majina." Nikaenda jikoni kama mtu aliyekumbuka jiko. Goreth akanifuata, akafunga mlango akausimamia.

Gloriose. Umempa mtoto jina la mama. Jina la mama yetu linatamkwa kila siku kwenye nyumba nisiyoijua, na mimi nalisikia kwa mgeni, kwa Kireno, mbele ya mchungaji. Mtoto ana umri gani sijui. Ningemwulizaje mgeni umri wa mtoto wa mdogo wangu?

Nilirudi nikagawa chakula. Sijui kama nilikula. Sijui kama peremende zako waliziona nzuri.

Usinipigie.

Nsimire


São Paulo
15 Oktoba 2025

Dada Nsimire,

Nimepiga mara nyingi. Sasa naandika.

Gloriose ana miaka mitatu, atafikisha minne Februari.

Utasema nimekuficha. Fungua barua zangu. Nilikuandikia ningependa umfahamu Evandro, ukasema ni bosi. Nikaandika si bosi, ni mtu wangu, ukampa uraia wa Kongo na makuzi ya Angola. Nikaandika mtoto ananing'ang'ania, ukaniambia nikalee watoto rasmi Sydney. Nikaandika nina watu hapa, ukaniambia najidanganya kama maua ya kambini. Kila nilichosema ulikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa vipimo.

Ndiyo, nilisema kwa sauti ndogo. Wewe jaribu kusema kwa sauti kubwa mbele ya mtu aliyekutunzia chumba. Tangu Evandro aingie maishani mwangu, kila mara nilipojiandaa kukwambia, wewe ulikuwa umetoka kuzungumza na wakili, au umepanga foleni, au umeomba kanisani kwa jina langu. Mtoto alipozaliwa nilishika simu. Ulipokea ukilia kwa furaha, ukasema maombi yamepokelewa. Nikakupongeza. Baada ya hapo kila mwezi ulifanya neno kuwa zito zaidi.

Na kwa Dona Sônia ningefanyaje? Amefika dukani Jumamosi, Evandro yuko kwenye kaunta, mtoto yuko chini ya kaunta. Ningemwomba mama wa watu amfiche mume wangu?

Najua utasema Evandro na mtoto tungewaandika kwenye maombi. Tungeweza. Sitaki, dada. Hicho ndicho nilichoshindwa kukuandikia. Nimeanza maisha Bukavu, nikaanza Luanda, nikaanza hapa. Kila mara nilikuwa mtu asiyejua bei ya mkate. Sina nguvu ya kuanza mara ya nne, hata kama ni karibu nawe. Sikukukataa wewe. Nimekataa kuanza upya.

Nikasirikie. Lakini nikasirikie kwa barua. Usininyamazie.

Mdogo wako,
Elvire


Toongabbie
1 Novemba 2025

Tante Elvire,

Pole kwa Kiswahili yangu, Larissa ananicheka na yeye mwenyewe hajui kuandika. Mama hajui kama nakuandikia.

Nilisoma barua yako kwa simu ya mama. Aliacha wazi kwa meza, nafikiri alitaka mtu aisome. Anaenda kazi, anarudi, anapika brigadeiro. Kila siku, Tante. Tunazo kwa friji, tunazo kwa gari. Watu wa ghala wote wamenenepa.

Nataka ujue sherehe ilikuwa mzuri. Dona Sônia alisema brigadeiro za mama ni ngumu kidogo, halafu akakula nyingi na akafunga zingine kwa karatasi. Bado yuko hapa, anaondoka wiki ijayo. Yeye na mama wanapika pamoja na hawana lugha. Mama anaongeza moto, Dona Sônia anapunguza. Mama anasema kwa Kiswahili acha, yule anasema kwa Kireno acha. Juzi nimeingia nikaona wote wawili wanalia na mwiko unaendelea kukoroga. Nilitoka nje.

Mimi sina hasira na wewe. Nataka kuona binamu yangu. Hata Déborah ameuliza picha, na Déborah haulizagi kitu.

Usiache kumwandikia. Anaangalia simu kila wakati halafu anafanya kama anaangalia saa.

Prince


Toongabbie
16 Novemba 2025

Mdogo wangu Elvire,

Barua zako tatu nimezipata. Nilikuwa nazisoma, kisha nazisoma tena.

Dona Sônia ameondoka. Nitakwambia tulichozungumza, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Siku moja Larissa alikuwa kazini, tuko jikoni wawili tu. Akachukua simu yake, ile inayotafsiri, akaisemesha, ikanisomea kwa Kiingereza. Alisema Larissa alikuja Sydney kwa mwaka mmoja, kusoma lugha. Mwaka ukawa miwili. Kila Krismasi alimwambia mama yake mwakani narudi. Safari hii mama amekuja, amekaa sebuleni kwangu, amekula sombe yangu, na ameona mwenyewe kwamba binti yake harudi. Hajaambiwa na mtu. Aliona Larissa anavyofungua kabati zangu bila kuuliza vikombe viko wapi.

Nilitaka kumwambia kwamba Larissa ni mtoto mbaya. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyaandaa kwa ajili yako. Nikashindwa, maana ndiye anayeolewa na mwanangu, na nimeshampenda, na nilikuwa nafurahi kwamba amebaki. Nikamshika yule mama mkono. Alikuwa anakoroga. Tukakoroga.

Jumatatu nimeandika kuyaondoa maombi yako ya viza. Yule wa uhamiaji akanipigia kuuliza kama nina hakika, maana watu hawafanyi hivyo wakifika mwishoni. Nikamwambia mwenyewe amesema hataki. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikasema ni dada yangu, ana mume na mtoto na duka. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na nililisema kwa mtu wa serikali.

Bado nimekasirika, usidhani. Huku wote wananiita Mama Prince. Kazini wananiita Nancy kwa sababu Nsimire inawashinda. Wewe ndiye uliyebaki unayeniita jina langu kama alivyoliita mama, na nilikuwa nakutaka hapa mezani, uniite, hata kama ni kwa kunigombeza. Hilo sikukuandikia. Nilikuandikia vipimo.

Basi. Harusi Dona Sônia anaitaka Campinas, na Prince amekubali bila kuniuliza, ndivyo watoto wa siku hizi. Tunakuja Januari, mimi, yeye, Larissa na Déborah. Sitalala hotelini, nitalala kwako, hata kama ni sebuleni, hata kama ni chini ya kaunta. Peremende za harusi tutapika wote wawili na mimi ndiye nitakayeshika mwiko, kwa sababu nimezipika kuliko wewe mwezi huu. Evandro asije akaniita dada kabla sijamwangalia vizuri.

Na mtoto, anza naye leo. Asije akaniita tante, neno la Kifaransa la kila mwanamke, kama mgeni aliyepita dukani. Mimi ni dada mkubwa wa mama yake. Mfundishe kusema Mama Mkubwa, kwa Kiswahili, mpaka lizoeleke mdomoni. Akiniita kwa Kireno sitaitika.

Dada yako,
Nsimire